Samli ya Viungo na Namna ya Kuitambua Iliyo Njema

Siagi isiyotiwa chumvi huwa na mafuta ya maziwa asilimia 80 hivi na maji yanayoweza kufika asilimia 16. Kinachobaki ni protini na sukari ya maziwa. Samli ni siagi hiyohiyo iliyoondolewa maji na mabaki hayo, na kiwango cha kimataifa cha Codex huitaka iwe na mafuta yasiyopungua asilimia 99.6. Maji hayo yaliyotolewa, au yaliyobakizwa, ndiyo yanayoamua karibu kila kitu katika samli ya viungo: harufu, rangi, na muda itakaokaa kabatini.

Kiungo hakiponyi siagi mbovu. Hiliki nyingi huweza kuifunika harufu ya siagi iliyochacha kwa siku mbili tatu, kisha harufu ile hurudi ikiwa imejichanganya na hiliki, ikawa mbaya kuliko mwanzo. Siagi ya kufaa hunukia maziwa hata ikiwa baridi. Ile inayosukwa kutokana na maziwa yaliyoganda, kama wafanyavyo wafugaji wengi wa Afrika Mashariki na Ethiopia kwa vibuyu na vyungu, hutoa samli yenye harufu nzito kuliko ya malai matamu, na walioizoea hawaoni ladha katika nyingine.

Rangi peke yake si ushahidi. Umanjano wa siagi ya ng'ombe hutokana na karotini ya majani mabichi, kwa hiyo ng'ombe anayekula nyasi kavu za kiangazi hutoa siagi iliyofifia. Mbuzi hugeuza karotini kuwa vitamini A mwilini mwake, na samli yake ni nyeupe. Anayeapa kwamba samli nyeupe lazima iwe ya kughushi huenda hajawahi kuonja ya mbuzi.

Gramu 500 za siagi, kwenye sufuria nzito na moto mdogo, huchukua kama nusu saa. Mwanzoni ni kelele tupu: maji yanachemka chini ya mafuta, yanarusha matone, na povu jeupe zito linapanda. Kisha kelele hupungua, povu hushuka, na mapovu yanayobaki huwa madogo na ya kung'aa. Ukilisogeza povu kwa kijiko, chini huonekana chembe zikitoka kwenye weupe na kuwa na rangi ya ganda la mkate. Samli imeiva, na ni hapa wapishi wengi huipoteza. Maji yakiwa bado yamo, joto la sufuria hukaa karibu na nyuzi 100. Yakiisha, hakuna kinachoyazuia mafuta kupata moto kwa kasi, na dakika moja au mbili zinatosha kuzifanya chembe zile kuwa nyeusi. Sikio hulijua hilo kabla ya jicho: sufuria iliyokuwa ikitatarika ikinyamaza ghafla, huo ndio wakati wa kuitoa jikoni.

Samli iliyotolewa mapema huwa na ukungu hata ikiwa ya moto, na tone lake likidondoshwa kwenye kikaango kilichopata moto hupasuka kwa mlio. Iliyochelewa ni ya kahawia na huacha uchungu nyuma ya ulimi. Siagi ya gramu 500 hutoa samli ya gramu 400 au pungufu kidogo. Aliyepata zaidi ya hapo amebakiza maji.

Viungo huingia kwa zamu, na zamu hiyo hupangwa na maji vilevile. Vibichi, yaani tangawizi, kitunguu maji na kitunguu saumu, hutiwa mwanzo, wakati siagi bado ina kelele, ili maji yao yaondoke pamoja na ya siagi. Vikavu hufuata povu likianza kushuka: hiliki tano au sita zilizopasuliwa, kijiti cha mdalasini, karafuu mbili, na uwatu usiozidi nusu kijiko cha chai, kwa sababu uwatu ulioungua ni mchungu na hauna msamaha. Vyote viwe vizima au vimepondwa tu. Unga wa viungo huungua haraka, hupenya kwenye kitambaa na kutulia chini ya chupa kama vumbi. Samli yenye vumbi hilo kila siku huwa na ladha tofauti na ya jana. Waliobobea katika kazi hii ni wapishi wa Ethiopia. Samli yao, niter kibbeh, hutiwa korarima (ndugu wa hiliki mwenye harufu ya moshi kidogo), uwatu, manjano na majani ya koseret, na inapokuwa nzuri harufu ya siagi hutangulia, viungo vikifuata nyuma.

Zafarani inastahili neno lake. Rangi yake huyeyuka katika maji, si katika mafuta, ilhali ya manjano huyeyuka katika mafuta. Ndiyo maana kwenye halua au wali zafarani huloanishwa kwanza kwa maji au marashi. Samli inayouzwa kwa jina la zafarani na ikawa ya njano iliyokolea tangu juu hadi chini, mara nyingi imetiwa manjano au rangi ya kopo. Manjano yenyewe si kosa, ila huweza kuficha mafuta yasiyo ya maziwa.

Kuyatambua mafuta hayo hakuhitaji maabara. Kiasi cha punje ya mahindi kikiwekwa katikati ya kiganja, samli halisi huanza kuyeyuka kwa joto la ngozi pekee. Mafuta mengi ya mgando yanayotokana na mimea huhitaji kusuguliwa, na mdomoni huacha utando kwenye kaakaa kama nta. Chenga pia husema. Samli iliyopoa polepole hujitenga, chenga zikiwa chini na mafuta ya majimaji juu, na hiyo si dalili ya uchakachuaji. Chupa moja huweza kuwa ya maji Mombasa mwezi wa Februari na kuganda Nairobi mwezi wa Julai. Kipimo cha mwisho ni wali mweupe wa moto usio na kitu kingine: kijiko kimoja juu yake, kisha kunusa kabla ya kuonja.

Baada ya kuiva, samli huchujwa kwa melimeli iliyokunjwa mara mbili, bila kuikamua, kwa kuwa kukamua hupitisha mashapo. Hutiwa kwenye chupa ya kioo iliyokaushwa kabisa na kufungwa baada ya kupoa, vinginevyo mvuke hurudi kuwa matone. Vyombo vya shaba na chuma kitupu huiharakisha kuharibika, na mwanga pia. Ikiwa safi hukaa kabatini kwa miezi. Jokofu huirefushia muda, mradi haitolewi na kurudishwa kila siku, maana kila safari huleta unyevu.

Siagi laini iliyochanganywa na kitunguu saumu kibichi au majani ya giligilani ni jambo jingine kabisa. Maji yake yote yamo, na kitunguu saumu kilichozama katika mafuta penye joto na pasipo hewa huweza kuzalisha sumu ya botulini isiyo na harufu wala ladha. Siagi hiyo haikai mezani: ni ya jokofu kwa siku chache, au huviringishwa kama mshumaa kwenye karatasi na kugandishwa, ikikatwa vipande kwa kadiri ya matumizi.

Samli iliyoharibika husema yenyewe, na hueleza sababu. Iliyoharibiwa na hewa na mwanga hunuka kama rangi ya mafuta ya kupaka milango. Iliyoharibiwa na maji, pengine kwa kijiko kilichotoka kwenye mchuzi, hunuka jibini la zamani au matapishi ya mtoto. Kuichemsha upya kwa hiliki mpya hakuirudishi.