Tulimkariri Tunu, Tukamsahau Kenga

Kama ulifanya KCSE kati ya 2018 na 2022, ulisoma Kigogo. Hakuna aliyekuuliza kama unataka. Kiswahili ni somo la lazima, karatasi ya tatu ni fasihi, na tamthilia ya Pauline Kea ndiyo iliyokuwa kwenye orodha. Kila mwaka watahiniwa walizidi laki sita. Jumlisha miaka hiyo mitano, unapata zaidi ya vijana milioni tatu na nusu waliosoma mchezo mmoja kuhusu mahali pamoja panapoitwa Sagamoyo, ambapo soko limefungwa na mtawala anadhani nchi ni shamba lake.

Sasa piga hesabu ya umri wao. Juni 2024, wengi wao walikuwa kati ya miaka 19 na 25. Ndio hao waliojaa Kenyatta Avenue na Moi Avenue, simu mkononi, chupa ya maji kwenye begi. Sisemi kitabu cha shule ndicho kilichowatoa nyumbani. Kilichowatoa ni Mswada wa Fedha, uliotaka kuweka VAT ya asilimia 16 kwenye mkate na ushuru wa asilimia 2.5 kwa mwaka kwenye gari. Lakini kizazi kizima kikisoma hadithi ile ile ya namna mtawala anavyoangushwa, ni halali tuulize hadithi hiyo ilituachia nini kichwani.

Sina digrii ya fasihi. Niliacha chuo mwaka wa pili. Lakini nimerudia Kigogo mara tatu tangu Juni ile, safari hii bila kutafuta alama, na kila nikifika mwisho kuna mtu mmoja jukwaani ananikosesha raha. Si Majoka. Ni Kenga.

Kwa nyinyi wa Mstahiki Meya, na kwa wadogo zetu wa Bembea ya Maisha, hii hapa kwa ufupi. Majoka anatawala Sagamoyo. Ametangaza mwezi mzima wa sherehe za miaka 60 ya uhuru, huku soko la Chapakazi amelifunga kwa sababu anataka kujenga hoteli ya kifahari pale. Wachongaji watatu, Sudi, Boza na Kombe, wanachonga vinyago vya sherehe. Sudi anakataa kuchonga kile ambacho Majoka anakitaka, hata akiahidiwa zawadi. Ashua, mkewe, anaenda kwa Majoka kuomba msaada na anaishia korokoroni. Tunu anaongoza maandamano, anavamiwa na wahuni wa kukodiwa, anavunjwa mguu, anarudi akitembea kwa mkongojo. Mwishoni umma unakusanyika langoni mwa soko. Kingi, mkuu wa polisi, anakataa kuwafyatulia watu risasi. Na Kenga, mshauri wa Majoka ambaye mkono wake uko karibu kwenye kila uovu, anahamia upande wa umma. Majoka anaachwa peke yake. Pazia.

Darasani tuliyapitia haya yote kwa kasi ya mtu anayekimbiza silabasi. Fafanua sifa sita za Tunu: jasiri, mtetezi wa haki, mwenye msimamo, na kuendelea. Majoka ni kielelezo cha uongozi mbaya. Kenga ni mnafiki na katili. Weka mfano, weka tiki, fungua ukurasa. Sijasikia mwalimu wala mwongozo ukiuliza Kenga ataamka wapi asubuhi inayofuata, na atakuwa na ufunguo wa ofisi gani.

Tuanze na kile mchezo ulichokipata sawa, maana ni kikubwa. Tunu hapiganii kiti. Anapigania soko. Anajua kwamba mama anayeuza mboga Chapakazi hajali sana nani amekaa ikulu, anajali lango liko wazi ama limefungwa. Juni 2024 ilifuata mkondo huo huo. Kabla ya kuingia barabarani, watu walisoma mswada. Walioelewa uhasibu walivunja vifungu kimoja kimoja mtandaoni, wengine wakarekodi video za kuueleza kwa Kiswahili, Kikuyu, Kijaluo na lugha zingine za nyumbani. Kwenye mathree watu walibishana kuhusu mafuta ya kupikia na sodo kama vile wanabishana kuhusu Arsenal. Kifungu cha 1 cha Katiba, kinachosema mamlaka yote ni ya wananchi, kilitoka kitabuni kikawa kitu cha kuandikwa kwenye kipande cha katoni. Kama fasihi ilichangia hata tone moja hapo, basi imelipa karo yake.

Halafu tukafika langoni. Tarehe 25 Juni wabunge 195 waliunga mkono mswada, 106 wakaukataa, na umati ukaingia Bunge. Hapo ndipo maisha yalipoachana na mchezo. Kingi wa kitabuni alishusha bunduki. Wetu hawakushusha. Kufikia tarehe 1 Julai Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilikuwa imehesabu vifo 39, na baadaye hesabu ikapita 60. Simlaumu mwandishi kwa kumwumba Kingi. Kila mchezo una haki ya kuwa na karao mmoja mwenye dhamiri. Lakini ni lazima tuseme wazi kwamba mapinduzi ya Sagamoyo yamesimama juu ya uamuzi wa mtu mmoja mwenye cheo. Toa Kingi, tendo la mwisho linageuka kuwa mazishi. Demokrasia inayosubiri polisi mmoja aamke na roho nzuri haijajengwa bado.

Bado hata hilo si tatizo langu kuu. Rudi mwanzo, kwenye keki. Wachongaji wanaletewa keki ya uhuru. Sudi anaikataa. Boza anakula. Tukiwa shule tulicheka Boza, tukaandika sifa zake: mwenye tamaa, kibaraka. Asiya mkewe, yule Mamapima, anapika na kuuza pombe haramu kwa baraka za wakubwa, naye tukampa sifa zake. Ukisoma leo utaona Kea alikuwa anachora ramani. Majoka hana mikono elfu moja. Ana Boza, ana Asiya, ana wahuni wanaolipwa kwa siku, na kila mmoja amepata kipande chake kidogo. Ushaona wakati wa kampeni: unga wa kilo mbili, shati la rangi ya chama, mia mbili mkononi, na jioni mtaa mzima unaimba jina la mtu ambaye jana walikuwa wanamtukana. Hiyo si njaa peke yake. Ni mfumo wa kugawa makombo ambao hauhitaji mtawala awe na akili sana. Unahitaji mtu wa kugawa.

Mtu wa kugawa Sagamoyo ni Kenga. Yeye ndiye anayeleta ushauri, yeye ndiye anayejua nani amelipwa nini na nani amevunjwa mguu kwa amri ya nani. Majoka ni sauti, Kenga ni faili. Kwa hivyo anapovuka kuingia upande wa umma dakika ya mwisho, swali la kwanza lilipaswa kuwa: amekuja na faili, ama ameliacha? Mchezo hauulizi. Umati umeshinda, kigogo yuko peke yake, na Kenga amesimama mle mle ndani ya ushindi. Sisi wasomaji tulishangilia kwa sababu tuliona Majoka amesalitiwa na mtu wake. Ilikuwa tamu. Hatukuona kwamba ushindi wetu umepata mgeni ambaye hakualikwa na ambaye anajua nyumba kutuliko.

Kenya imeshapitia ukurasa huu. Desemba 2002, nchi nzima ilicheza barabarani NARC ilipoiondoa KANU baada ya karibu miaka 40. Lakini sehemu ya vigogo waliosimama kwenye jukwaa la ushindi walikuwa wametoka KANU miezi michache tu kabla. Miaka miwili haikuisha kabla kashfa ya Anglo Leasing kuibuka, na mikataba mingine kati ya ile ilikuwa imeanza chini ya utawala wa zamani. Sura zilibadilika, faili likabaki kwenye kabati.

Kisha Julai 2024. Tarehe 26 Juni rais alitangaza kwamba hatatia saini mswada. Tarehe 11 Julai akavunja baraza la mawaziri. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Kabla ya mwezi kuisha, baadhi ya waliofutwa walikuwa wamerudishwa, na wanne kutoka chama kikuu cha upinzani wakateuliwa kuwa mawaziri, Hazina ya Kitaifa ikiwemo. Desemba, Sheria ya Marekebisho ya Ushuru ikatiwa saini. Mkate ulipona, lakini baadhi ya mapendekezo ya Juni yalirudi humo, na safari hii hakukuwa na umati langoni. Sisemi kila anayehama kambi ni Kenga. Watu hubadilika, na siasa bila maafikiano ni vita. Ninachosema ni kwamba tulikuwa tumefundishwa kumtazama Majoka, kwa hivyo macho yetu hayakuwa kwenye mlango wa pembeni.

Kuna mtu atasema namwonea mwandishi. Mchezo lazima uishe mahali, na watoto wa shule wanahitaji tumaini. Tena hakuna utawala ulioanguka bila watu wa ndani kuuhama, kwa hivyo ukiwafukuza akina Kenga wote unaurefusha maisha. Nakubali zaidi ya nusu ya hoja hiyo. Kenga akitaka kuhama, mlango uwe wazi. Lakini kumpokea mtu si sawa na kumpa kiti cha mbele. Mchezo ungeweza kumpokea na bado kumwacha Tunu, na mkongojo wake, amuulize swali moja mbele ya watu wote: ni nani aliyeagiza mguu huu uvunjwe? Mistari mitano ingetosha. Tungetoka darasani tukijua kwamba siku ya ushindi ni siku ya maswali pia.

Na usiniambie ni mchezo tu wa shule. Serikali zetu hazijawahi kuamini hivyo. Mwaka 1977 zilipiga marufuku mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ uliochezwa na wanakijiji kule Kamĩrĩĩthũ, na kufikia mwisho wa mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa kizuizini. Aprili 2025 wasichana wa Butere walifika Nakuru na mchezo wao, Echoes of War, baada ya Mahakama Kuu kuagiza waruhusiwe kuuigiza. Mwandishi wake alikamatwa, polisi wakarusha vitoa machozi, na wasichana wakaimba wimbo wa taifa na kushuka jukwaani. Tarehe 25 Juni mwaka huo huo, Mamlaka ya Mawasiliano ikaagiza vituo viache kupeperusha maandamano moja kwa moja, mitambo ya vituo kadhaa ikazimwa, mpaka mahakama ikasimamisha agizo hilo. Wenye mamlaka wanasoma michezo kwa makini kutushinda. Wanajua hadithi ndiyo inayomfundisha mtu aangalie wapi.

Kwa hivyo tuangalie wapi? Mimi ningetaka tendo la nane la Kigogo. Lisiwe na umati. Liwe Jumanne, saa nne asubuhi, ukumbi wa chifu, viti vya plastiki. Soko la Chapakazi linatakiwa kufunguliwa upya. Nani anagawa vibanda? Ile kandarasi ya hoteli ilifutwa au imesitishwa tu? Ashua atapata kibanda, au vimeshaandikwa kwa majina ya binamu za watu? Humu kwetu masoko ni kazi ya kaunti, imeandikwa kwenye Jedwali la Nne la Katiba. Lango la Chapakazi lingefunguliwa na diwani, karani wa leseni na afisa wa kanjo ambaye hujawahi kulisikia jina lake. Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti lifanye kazi zake hadharani na kuwashirikisha wananchi. Kifungu cha 104 kinatupa haki ya kumrudisha mbunge nyumbani kabla ya muhula kuisha, na tangu 2010 hakuna hata mmoja aliyeondolewa kwa njia hiyo. Sheria ya kukitekeleza ilijaa vizingiti, na 2017 Mahakama Kuu ikasema vipengele vyake kadhaa vinakiuka Katiba. Haya ndiyo mambo yasiyo na wimbo. Hakuna anayepiga selfi kwenye mkutano wa bajeti. Kenga anahudhuria kila mmoja.

Kigogo bado ni tamthilia nzuri, na Tunu bado ni mmoja wa wahusika bora tuliopewa shuleni. Alitutoa nyumbani. Lakini 2027 inakuja, na tayari kuna watu wanaovuka kuja upande wetu wakiwa na fulana za vijana na maneno ya Juni midomoni. Nakala yako labda iko kwa wazazi, ndani ya lile sanduku chini ya kitanda, na majibu yamejaa pembeni kwa penseli. Itoe. Anza na ukurasa wa mwisho, tafuta mahali Kenga alipovuka, na ujibu swali ambalo halikuwa kwenye mtihani: alibeba nini mkononi?