Mbavu za Nguruwe: Mfupa Ndio Shahidi

Anayezihukumu mbavu za nguruwe kwa rangi atadanganyika, na anayezihukumu kwa saa atadanganyika zaidi. Kahawia inayong'aa hupatikana kwa dakika chache tu: zipake asali, ziweke juu ya moto mkali, nazo zitapendeza macho ilhali nyama ingali imeng'ang'ania mfupa. Kinyume chake, waridi inayoonekana chini ya ukoko huwatisha walaji wakidhani nyama ni mbichi, kumbe gesi za makaa zimeishika rangi asilia ya nyama na kuizuia isigeuke kijivu hata baada ya kuiva. Saa nayo hupimwa na mtu aliyepika mahali pengine, kwa moto mwingine. Ulaini wa mbavu huletwa na moto mdogo uliodumu, na alama zake husomwa kwenye mfupa na kwenye namna nyama inavyojipinda. Ajuaye kuzisoma alama hizo hahitaji oveni wala mtambo wa kuchomea. Jiko la makaa katika ploti ya Karagita, kando ya Ziwa Naivasha, linamtosha.

Sababu iko ndani ya nyama yenyewe. Misuli ya katikati ya mbavu hufanya kazi kila nguruwe anapovuta pumzi, kwa hiyo imefungwa kwa tishu ngumu zenye kolajeni nyingi. Kolajeni hiyo haiyeyuki kwa kushtuliwa na moto. Joto la ndani likifika nyuzi 70 nyama imekwisha kuwa salama kuliwa, lakini nyuzinyuzi zake zimejikaza na kutoa maji, na kolajeni ndiyo kwanza inaanza kugeuka jelatini. Hapo ndipo wengi huiondoa motoni, wakalaumu nguruwe kwa ugumu ambao muda ungeumaliza. Ikiachwa ipande polepole hadi kati ya nyuzi 90 na 95, jelatini hujaa kati ya nyuzinyuzi na kurudisha ule utelezi ulioonekana kupotea. Mpishi wa Karagita ana sababu ya ziada ya kutoiamini saa ya kitabu. Ziwa Naivasha liko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, na huku maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Mbavu zilizolainika sufuriani kwa saa moja na nusu kule Mombasa zitadai muda zaidi hapa. Ukiongeza upepo wa alasiri unaotoka ziwani na kuyachochea makaa ya jiko lililo wazi, utaona kwa nini dakika za mtu mwingine haziwezi kuwa sheria kwako.

Hukumu huanzia buchani. Mwombe muuzaji akukatie ubavu mzima kabla panga halijapita, kwa maana vipande vidogo hukauka kabla havijalainika. Nyama nzuri ina wekundu wa waridi, ni thabiti ukiibonyeza, na mafuta yake ni meupe na magumu. Iliyopauka, iliyolegea na inayovuja maji mara nyingi imetoka kwa nguruwe aliyehangaishwa kabla ya kuchinjwa: asidi hupanda upesi katika misuli ingali moto, na nyama hupoteza uwezo wa kushika maji yake. Hakuna kiungo kitakachoirudishia maji hayo. Tafuta muhuri wa mkaguzi wa nyama, na uikatae kabisa nyama yenye vifuko vyeupe vya ukubwa wa punje ya mchele, kwa kuwa hivyo ni viluwiluwi vya tegu. Ukishuku kwamba ni nyama ya dume asiyehasiwa, pasha kipande kidogo cha mafuta kwenye kikaango: harufu yake kali hujitokeza kwa joto, nayo haifichwi na tangawizi wala kitunguu saumu. Nyumbani, ingiza ncha ya kisu chini ya utando ulio upande wa mfupa, ushike kwa kitambaa, uuvute wote. Utando huo haulainiki kama nyama, na huzuia chumvi isipenye. Kisha nyunyiza kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa kila nusu kilo, na ziache mbavu kwa saa kadhaa.

Hapa huja pingamizi la haki: makaa ni ghali, na mtu aliyetoka zamu ya shamba la maua hana saa tano za kukaa karibu na jiko. Jibu la kawaida ni kuzichemsha kwanza kwenye maji mengi, na wanaolipinga husema ladha yote humwagwa pamoja na maji hayo. Wanasema kweli, ila kosa ni wingi wa maji na ukali wa moto, wala si sufuria. Weka mbavu na kitunguu, tangawizi na nusu kikombe cha maji, funika barabara, na uache moto uwe mdogo kiasi kwamba maji yanatikisika tu bila kutokota. Zikishakaribia kulainika, zihamishie kwenye wavu ulioinuliwa juu ya makaa yaliyofunikwa na jivu, uzifunike kwa sufuria iliyofudikizwa ili upepo usiyachochee, na uzigeuze kwa dakika 20 hivi. Mchuzi uliobaki usimwagwe. Upunguze motoni pamoja na nyanya, siki na pilipili, uupake mwishoni, maana asali na sukari vikitangulia vitaungua na kuacha uchungu. Na makaa yawashwe nje daima: gesi yake haina harufu, na katika chumba kilichofungwa inaua.

Sasa mwite shahidi. Nyama ikiwa imeiva sawasawa, hujivuta kutoka kwenye ncha za mifupa kwa nusu sentimita hadi sentimita moja. Zinyanyue mbavu kwa koleo upande mmoja: zinapaswa kuinama na uso wake kupasuka kidogo bila kukatika. Kijiti cha meno kipite kati ya mifupa miwili bila kukwama. Ukiuma, alama ya meno ibaki, na mfupa chini yake utoke safi. Alama moja pekee haitoshi, kwa maana moto mkali nao huweza kuivuta nyama kwenye ncha huku katikati ikiwa ngumu. Zote zikikubaliana, hukumu imepatikana.

Wapo watakaosema kwamba mpenzi wa nyama choma hupenda kutafuna, na kwamba ulaini ni mtindo wa wageni. Lakini mbavu zilizopikwa vizuri hazimnyimi mtu kutafuna. Hata Marekani, ambako mapishi haya yana mashindano yake, waamuzi huhesabu mbavu zinazoporomoka zenyewe kuwa zimepitiliza. Nyama iliyopitiliza imegeuka uji wa nyuzinyuzi, na hilo ni kosa sawa na ugumu. Kinachotafutwa ni nyama inayolikubali jino na kuuachilia mfupa pale tu inapoumwa. Kiwango hicho hakitegemei nchi wala gharama ya jiko. Kinategemea mpishi aliye tayari kuzirudisha mbavu motoni kwa robo saa nyingine wakati rangi imeshapendeza, ugali umeshaiva na kachumbari imeshakatwa, kwa sababu tu mfupa haujasema ndiyo.