Breki Ile ya Ubavuni

Taa za breki za ile Toyota IST ziliwaka mahali pabaya kuliko pote kati ya Chalinze na Morogoro: ubavuni mwa semi, pua ya gari ikiwa imeshafika usawa wa tairi za nyuma za kichwa cha lori. Video mmeiona, imezunguka kwenye simu za watu wote, kwa hiyo sitaisimulia yote. Nitasema tu kwamba waliomlaani dereva kwa kuovateki wamelaani sehemu isiyokuwa na kosa. Kuovateki kulikuwa sawa. Kosa ni breki.

Rudisheni picha nyuma. Kibao cha mwisho wa 50 kimepita, mstari wa kati umekatika, barabara imenyooka. IST imekaa mbali na tela, imechukua mbio ikiwa bado upande wake, imetoka na kasi yake mkononi. Safi. Semi iko kwenye 60, kontena la futi 40 mgongoni, na IST inapozipita tairi za mwisho za tela iko kwenye 90 au karibu na hapo. Basi linaonekana mbele. Ukihesabu nguzo za umeme kando ya barabara, liko zaidi ya mita 300.

Halafu taa nyekundu.

Pigeni hesabu nami, maana huko mitandaoni nimeona matusi mengi na hesabu hakuna. Tofauti ya 90 na 60 ni kilomita 30 kwa saa, yaani mita nane na kidogo kila sekunde. Pale alipokanyaga breki alibakiza nini? Mita nne hivi kuufikia uso wa lori, mita nne za urefu wa gari lake mwenyewe, na tumpe mita 16 za kurudi kushoto bila kumkata mwenye semi. Jumla mita 24. Sekunde tatu! Ndani ya sekunde tatu yeye akiwa kwenye 90 na basi kwenye 80, wangekaribiana kwa mita 140 hivi, na nafasi ilikuwa zaidi ya mara mbili ya hiyo. Angerudi upande wake, akazima indiketa, na abiria wa basi wasingejua kama kulikuwa na jambo.

Breki ilimpa nini badala yake? Watu hudhani ukikanyaga breki unarudi nyuma ya lori. Hapana, hurudi. Gari lililo kwenye 90, mpaka lishuke kufika 60, bado linakwenda kwa kasi kuliko lori, kwa hiyo linakula mita nyingine tano au sita za ubavu ule ule unaoukimbia. Baada ya hapo mnakuwa sawa, na hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote, kwa sababu tofauti ya kasi ni sifuri na ubavu hauishi. Ili tela limwache, ilibidi ashuke hadi 40, pengine 30, akiwa upande wa basi. Na likishamwacha, arudi wapi? Ile Coaster iliyokuwa nyuma yake ilishaliziba pengo. Itazameni: IST inatoka, Coaster inasogea, na ndani ya pumzi mbili imelibana tela kama vile aliyetoka amehama barabara. Dereva wa IST alikuwa anarudi kwenye nafasi ambayo haipo.

Kipa akishatoka langoni kuifuata krosi hasimami katikati ya njia. Ama abaki kwenye mstari wake, ama aufikie mpira. Huyu alisimama katikati, na barabara ya njia mbili ikawa na magari matatu sambamba.

Dereva wa semi aliinua mguu, akaziweka tairi za kushoto nje ya lami, akaokoa watu.

Sasa woga wenyewe. Nimeona watu wakiandika kwamba dereva lazima ni mwanamke, na siwajibu, kwa sababu mguu unaokimbilia breki ubavuni mwa semi nimeuona kwa wanaume wenye leseni za miaka 20. Aliyekaa kwenye gari dogo macho yake yako karibu na usawa wa tairi za lori. Kushoto kwake ni ukuta wa chuma, na tairi 22 zinanguruma. Kuna na upepo, ambao wengi hawaujui mpaka uwakute. Nyuma ya tela gari huwa jepesi, kama linavutwa. Ubavuni hutaka kuegemea lori. Ukikikaribia kichwa, hewa inayosukumwa na uso wa lori hukupiga na kukusogeza kulia, kule kule basi linakotokea. Gari la tani moja linalipita lori linaloweza kufikia tani 50; lazima usukani ucheze. Asiyeujua mchezo huo anadhani gari limemshinda, na mguu hauombi ruhusa. Kwenye video IST inayumba kidogo kulia, kisha taa zinawaka. Kwa mpangilio huo huo.

Halafu macho. Mwenye hofu hutazama anachokiogopa, naye alikuwa anatazama tairi au analitazama basi, na mikono huenda macho yalikokwenda. Pa kutazama ni upande wako wa barabara mbele ya lori, pale utakaporudi. Macho yakikaa pale, mikono nayo hutulia.

Woga una mahali pake, napo ni nyuma ya tela, kabla indiketa ya kulia haijawaka. Pale ogopa kadiri utakavyo. Ogopa boda boda isiyo na taa inayokuja ukingoni, ogopa gari litakaloibuka kutoka bondeni, ogopa IT, yale magari yanayopitishwa kwenda nchi jirani, inayokimbilia Tunduma ambayo itakuovateki wewe wakati unamwovateki mwenzio. Hata ukishatoka bado unayo ruhusa ya kughairi, mradi pua yako haijavuka tairi za mwisho za tela. Mpaka wangu ni huo. Kabla yake kurudi ni busara na hakuna wa kukucheka. Baada yake, kama njia ilikuwa wazi ulipotoka, mguu unabaki kwenye mafuta mpaka uione semi nzima kwenye kioo cha ndani. Mwenye injini ya 1,300 na abiria wanne azime na kiyoyozi.

Na asiyetaka, asiovateki. Chalinze hadi Morogoro ni kama kilomita 85. Ukikaa nyuma ya semi kwa 60 unatumia saa moja na dakika 25. Ukienda kwa 80 unatumia saa moja na dakika nne. Dakika 21, basi, na hizo ni kama utaipata 80 njia nzima, jambo ambalo vibao vya 50 vya vijijini havitakuruhusu. Ila ukiamua kubaki, baki mbali. Anayebana mkia wa tela haoni kitu zaidi ya milango ya kontena, na mwenye lori naye hamwoni. Huyo ndiye ninayemhofia kuliko anayeovateki, kwa sababu kila dakika anachungulia, anatoka nusu, anarudi, mpaka siku moja anachungulia vibaya.

Ile indiketa ya kushoto ya mwenye semi nimeulizwa sana. Ndiyo, alimwashia, mnaona inapepesa mara mbili. Desturi yetu tunaijua: kushoto pita, kulia usithubutu. Nimeipinga miaka mingi na nitaipinga leo. Ni hisani ya mtu aliyekaa juu na anayeona mbele, hilo nakubali, lakini taa hiyo hiyo ndiyo anayoiwasha anapotaka kuegesha kando kukagua tairi, na hajui wewe una injini gani wala moyo gani. Mwenye lori anakuambia anachokiona. Kuovateki ni juu yako. Nashuku hata hofu ya huyu wa IST imetokana na hapo: alitoka kwa macho ya mtu mwingine, akafika ubavuni, akaliona basi kwa macho yake kwa mara ya kwanza, akashtuka.

Namba za gari nazo someni. Rwanda, Burundi na Kongo huendesha upande wa kulia, na barabara hii ndiyo njia yao ya bandarini. Ukikuta lori ambalo usukani wake uko kushoto, elewa kwamba upande unaompitia ndio asiouona vizuri. Piga honi mapema. Yule wa kwenye video alikuwa na usukani wa kulia, bahati.

Wasomaji wa siku nyingi wanajua nitafika kwa Joginder Singh, bingwa wa Safari Rally. Nimefika. Safari Rally ya enzi zake haikufungiwa barabara. Magari ya mashindano yalipita kwenye barabara wazi za Afrika Mashariki, maelfu ya kilomita, pamoja na malori, mabasi na mifugo, na mtindo huo uliendelea hadi 2002. Siku hizi Naivasha wanafunga njia. Joginder alishinda 1965 kwa Volvo iliyokwishatumika na wengine, akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, na katika Safari 22 alizoingia alimaliza 19. Hizo 19 nazipenda kuliko vikombe vyake. Shekhar Mehta alishinda mara tano, nne kati ya hizo mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Watu hawa waliyapita malori ndani ya vumbi, na mwenye kubadili nia ubavuni hafikishi gari mwisho mara 19.

Mtasema hao walikuwa wanamichezo. Haya, chukueni madereva waliopeleka mafuta Zambia baada ya Rhodesia kujitangazia uhuru wake Novemba 1965, njia ya udongo iliyopewa jina la jehanamu. Walikaa nyuma ya mwenzao mpaka upepo uhamishe vumbi, wakaamua, wakaenda. Kisha ikajengwa TAZARA, kilomita 1,860, ili mzigo wa Zambia ushuke barabarani upande reli. Leo mzigo uko wapi? Uko mbele ya ile IST. Nilishaandika hili na kuitwa mzee wa reli. Naendelea kuitwa.

Trafiki nao, tochi zao za kupimia kasi wazielekeze kwingine. Mwenye tochi anakaa ndani ya 50 ya kijijini, anakamata watu wa 56, wakati hatari inaanza pale kibao cha mwisho wa 50 kinapopita na foleni nzima inataka kuovateki kwa pamoja. Askari mmoja mahali hapo, asiyejificha, angefanya kazi ya tochi kumi.

Shule za udereva hazifundishi haya. Mwanafunzi anajifunza kurudi nyuma kati ya fito, anasoma alama, anapelekwa mitaani kwa 40, anapata leseni, na semi yake ya kwanza anakutana nayo akiwa peke yake na familia nyuma. Wapelekeni barabara kuu, mwalimu kando, wakaujue ule upepo kabla haujawashtua.

La mwisho ni kwa dereva wa Coaster, ambaye hakuna aliyemtaja. Gari la mbele yako likitoka kuovateki, nafasi liliyoiacha bado ni yake mpaka limalize. Iache wazi.