Istilahi za Kuandikiwa Vidonge Mtandaoni

Katika Uingereza na Marekani mwanamke aweza kuandikiwa vidonge vya kuzuia mimba bila kuonana na daktari ana kwa ana. Hujaza hojaji mtandaoni, daktari akaisoma, kisha akaidhinisha dawa. Mfasiri aombwapo kuitia hojaji hiyo katika Kiswahili hana budi kukumbuka kwamba msomaji wake hana muuguzi wa kumfafanulia neno.

Tuchukue swali, "Je, una shinikizo la damu?" Tafsiri hii ina kasoro. Shinikizo la damu kila aliye hai analo. Ugonjwa ni shinikizo la juu la damu. Afadhali vitajwe vipimo: je, limepata kufika 140 kwa 90 au zaidi? Vivyo hivyo, "maumivu ya kichwa" hayawezi kushika nafasi ya kipandauso, hasa kile kitanguliwacho na vimulimuli machoni. Kwa wenye hali hizi, vidonge vyenye estrojeni huongeza hatari ya kiharusi.

Ama jina la dawa yenyewe, "vidonge vya majira" lina adabu na limezoeleka Tanzania, lakini halibainishi kama estrojeni imo au haimo. Kwa hiyo twapendekeza "vidonge vya homoni mbili" kwa vile vyenye estrojeni na projestini, na "vidonge vya homoni moja" kwa vile vya projestini pekee.

Walimu, wafasiri na wauguzi wanaombwa watuletee maoni yao.