Ufunguo Ulikuwa Palepale

Wapo wanaosema ajali haina kinga. Ile ya leza kule Kirzhach, Urusi, ilikuwa nayo, tena kinga ya kushikwa kwa vidole viwili: ufunguo wa projekta. Leza haikuzimwa. Hilo ndilo kosa, na mengine yote ni visingizio.

Usiku wenyewe ulikuwa hivi: Julai 2008, tamasha la Aquamarine, Kirzhach, mkoa wa Vladimir. Leza zilipangwa kupiga juu, angani. Mvua ikazidi, mahema makubwa yakainuliwa, onyesho likaendelea. Hapo ndipo nataka tusimame. Mwale uliokuwa na anga nzima ya kupotelea sasa una turubai lililolowa juu yake na umati chini yake. Kuanzia dakika hiyo mna onyesho jipya, na onyesho jipya linadai vipimo vipya. Fundi makini anazima, anapima nguvu ya mwale pale macho yatakapokuwa, kisha ndipo anaamua. Nafasi isipotosha, leza inalala na watu wanacheza kwa taa za kawaida. Badala yake, Moscow ikapokea watu walioungua retina: 12 katika kliniki kuu ya macho na, kwa mujibu wa gazeti la Kommersant, wengine 17 katika hospitali ya pili.

Kinga ya skana, yaani sakiti inayochunga vioo vinavyochezesha mwale, ingesaidia nini? Kioo kikikwama, sakiti inakata leza na shata inafunga kwa milisekunde. Kazi safi, sina neno. Ila sakiti hiyo inachunga kioo, turubai hailioni. Vioo vikicheza sawasawa, kwake mambo ni shwari hata mwale ukifagia nyuso za watu. Na nyie wa “jicho litapepesa,” kope huchukua robo sekunde. Na leza ikiwa ya mipigo, mpigo mmoja wa nanosekunde huwa umeshaunguza kabla shata haijaanza kusogea.

Kanuni za Marekani ziliona zamani kwamba uamuzi wa kuwasha ni wa mtu, si wa sakiti. Leza ya daraja la 4 iliyotengenezwa baada ya Agosti 20, 1986, ikikatwa na intaloku ya mbali (swichi ya usalama iliyo mbali na leza), au umeme ukipotea ghafla kwa zaidi ya sekunde 5, lazima iwashwe upya kwa mkono. Mkono huo una macho: unatazama kwanza kilichobadilika. Ndiyo maana sitazivumilia kamwe projekta zinazojiwasha zenyewe hitilafu ikipita.

Ivan Dryer alipozindua Laserium kwenye Griffith Observatory, Los Angeles, Novemba 1973, mwale wake ulichora kwenye kuba na watazamaji wakainua vichwa kuutazama. Usalama wake ulianzia kwenye mpangilio: jicho halikuwekwa njiani. Leo tunaelekeza mwale kwa watu, kisha tunaiachia sakiti itusitiri.

Kule Kirzhach mvua ilitoa onyo mapema kuliko sakiti yoyote. Kuinua hema kubwa kunataka watu wengi, kamba na muda. Kuzungusha ufunguo kunataka mtu mmoja na sekunde moja.