Malkia Ruwej na Bangili ya Baba Yake

Hapa Kakanda hadithi ya Ruwej haingoji kitabu. Mzee wa Kilunda akiketi jioni na Wasanga na Waluba waliotoka zamu ya mgodini, hakosi kuitaja, na mabishano huanza papo hapo: je, alifanya vema kumpa mgeni bangili ya baba yake? Kwa hiyo nilipopata riwaya ya Pepetela, mwandishi wa Angola, juu ya malkia huyo, niliisoma kwa hamu, ingawa ni ya Kireno na kamusi ilikaa magotini pangu muda wote.

Kitabu chaitwa Lueji, maana ndivyo wanavyolitamka jina lake upande wa Angola. Kilichapishwa mwaka 1989. Mwandishi, ambaye jina lake hasa ni Artur Carlos Maurício Pestana dos Santos, alizaliwa Benguela mwaka 1941, akapigana vita vya kudai uhuru, kisha akawa naibu waziri wa elimu. Mwaka 1997 alipewa tuzo ya Camões, iliyo kubwa katika lugha ya Kireno.

Kwa wasioijua hadithi: mzee Konde alikuwa akisuka mkeka, na kando yake chungu cha maji ya kulowekea nyuzi. Wanawe, Kinguri na Chinyama, wakarudi wamelewa, wakayaona maji meupe, wakadhani ni pombe ambayo baba anawanyima. Wakampiga. Binti yake akamuuguza. Ndipo mzee alipowanyima wana urithi, na lukano, bangili ya ufalme iliyosukwa kwa mishipa ya watu, ikaenda kwa Ruwej. Baadaye akaja Chibinda Ilunga, mwindaji kutoka nchi ya Waluba. Ruwej akaolewa naye, na alipoingia siku zake za kujitenga, akampa bangili ile. Kaka zake hawakuvumilia, wakaondoka na watu wao. Kinguri alishika njia ya magharibi.

Katika vinywa vya wazee wengi, Ruwej ni kama mlango tu: wanaume hupita, bangili hutoka kwa baba ikafika kwa mume. Pepetela amemfanya mtu. Anatuonyesha msichana anayekiogopa kiti, anayejua kwamba wakuu wa koo waliomwinua wanatumaini kutawala nyuma ya mgongo wake. Polepole anajifunza kunyamaza, kupima watu, hata kudanganya panapobidi. Naye Kinguri hakuachwa kuwa mlevi tu. Ana fikira zake juu ya utawala, na dada yake anampenda hata wanapokuwa maadui. Kurasa hizo ndizo bora za kitabu, nami nilizisoma mara mbili. Ilunga, kinyume chake, nadhani amechorwa kwa wino hafifu.

Nusu nyingine ya kitabu ina mambo mengine. Msichana aitwaye Lu, mcheza ngoma wa mjini Luanda mwishoni mwa karne ya ishirini, anatayarisha mchezo juu ya malkia. Hadithi hizi mbili zinaingiliana bila onyo. Unaanza ukurasa Luanda, unaumaliza miaka mia nne nyuma. Wengine watachoka. Mimi nilichoka. Halafu nikakumbuka desturi ya Walunda wenyewe: mrithi wa cheo hurithi pia jina na udugu wa yule wa kwanza, akasema "mimi" juu ya mambo yaliyotendwa kabla ya babu wa babu yake. Huko Musumba, katika baraza la Mwant Yav, yuko mwanamke mwenye cheo cha Swana Mulunda, naye huhesabiwa kuwa ameketi mahali pa Ruwej. Basi Lu anapokuwa Lueji ndani ya ngoma, hilo si fumbo la Ulaya. Ni sheria ya urithi iliyohamishiwa jukwaani.

Lakini hapo hapo nina neno. Musumba iko upande wetu wa mpaka, ule waliokubaliana Wareno na mfalme Leopold mwaka 1891 walipoigawa nchi ya Lunda. Kitabu kinamwita malkia aje Luanda. Sauti ya wale wanaoketi bado kwenye kiti chake ningependa kuisikia zaidi.

Iko pia habari ya Kamonga. Wazee husimulia kwamba Ruwej hakuzaa, akampa mumewe mke mwingine, na mtoto wa huyo ndiye aliyerithi ufalme. Msomaji anayemkumbuka Sara na Hagari ataona jinsi jambo hilo lilivyo zito kwa wanawake wote wawili. Wasimulizi wetu hulipita mbiombio.

Sisi wa upande wa Likasi hatuwezi kusoma harusi ya Ilunga kwa moyo mtulivu. Mwaka 1992 na 1993 watu wa Kasai, Waluba wengi miongoni mwao, walifukuzwa Likasi na Kolwezi, wakalala kwenye vituo vya reli wakingoja magari moshi, na wengine walikufa wakingoja. Wengi walikuwa wamezaliwa hapa. Na ufalme wa Lunda, kwa masimulizi yake wenyewe, ulijengwa juu ya ndoa na Mluba. Pepetela haifanyi ndoa hiyo kuwa asali tupu: walioondoka walikuwa watoto wa nyumba, na uchungu wao ameuandika.

Juzi niliwaeleza wenzangu sura ya bangili. Mzee mmoja Mlunda akasema Ruwej alikosea. Mama mmoja aliyekuwa kituoni Likasi siku zile akamwuliza, "Baba, asingempa, wewe leo ungekuwa mtu wa mfalme gani?" Mzee akacheka, akavuta kiti, akaniomba nianze tena tangu mkeka.