Mbele za Nani? Kwaya Zetu, Uchezaji na Jicho la Kamera

Mtu apitaye Mlandege, hapa Iringa, husikia nyimbo za kwaya kutoka madukani na ndani ya daladala. Nyimbo hizo zilianza kutufikia kwa kaseti, zikafuata kanda za video na CD, na sasa zimo katika simu za mkononi. Lakini kilichobadilika si chombo tu. Wimbo ambao wazazi wetu waliusikiliza, sisi twautazama, na kinachotazamwa zaidi ni miguu na mikono ya waimbaji. Katika makala haya tunakusudia kuupima uchezaji huo, kwa maana Kanisa limeupokea bila kuujadili.

Wamisionari wa Berlin walioingia Nyanda za Juu Kusini mwaka 1891, kama wenzao wengi wa zama zile, waliishuku ngoma kwa kuwa iliambatana na matambiko na pombe. Mkristo alifundishwa kuimba akiwa amesimama wima, kitabu mkononi. Hata hivyo, watu wa misioni walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuitumia kamera katika nchi hii. Kati ya 1935 na 1937 Baraza la Kimataifa la Misioni liliendesha mradi wa filamu huko Vugiri, katika milima ya Usambara, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Zilitengenezwa filamu 35, na shabaha yake kuu ilikuwa mafundisho: afya, kilimo, kuweka akiba. Kamera iliaminiwa; mwili uchezao haukuaminiwa.

Televisheni ilianza Zanzibar mwaka 1973, lakini bara ilisubiri hadi 1994. Kabla ya hapo kanda za wanamuziki wa Zaire na wachezaji wao zilikuwa zimekwisha kufika katika vibanda vya video. Basi kwaya zetu zilipoanza kurekodi, vijana walikuwa na kielelezo tayari, nacho hakikuwa kiduo cha Wahehe. Sare moja, safu zilizonyooka, bustani yenye maua, hatua moja kwa wote: huo ndio umekuwa mtindo wetu.

Hatusemi kwamba yote ni mabaya. Rose Muhando, aliyekuwa mwalimu wa kwaya ya Mtakatifu Maria, Chimuli, Dodoma, aliwaonyesha Watanzania tangu katikati ya miaka ya 2000 kwamba mwili mzima waweza kubeba ujumbe. Kasoro iko kwa wengi waliomwiga: walichukua hatua, wakaacha sababu ya hatua. Hivyo twaona wimbo wa toba ukichezwa kwa tabasamu lile lile la wimbo wa harusi. Maneno yanalia, miguu inashangilia, na mpiga picha, badala ya kutusaidia, anahamia kwenye maua.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana katika picha. Katika usharika mmoja tuliowahi kuutumikia, kwaya ilijiandaa kurekodi. Mama mmoja mzee, mwimbaji wa sauti ya pili kwa miaka mingi, hakuweza kuzifuata hatua mpya, wala hakuwa na fedha ya sare. Hakufukuzwa, aliombwa apumzike. Sisi tuliokuwa wachungaji wake tuliibariki kazi ile, tukanyamaza. Mama yule alipoimba alitikisa mabega tu, kidogo, na kina mama waliokaa karibu naye walitikisika pamoja naye. Baada ya kurekodi alikaa kiti cha nyuma, na usharika ukazoea kuwatazama vijana.

Ungamo la Augsburg, kifungu cha 7, latufundisha kwamba si lazima desturi zilizowekwa na wanadamu zifanane kila mahali. Kwa hiyo kucheza si dhambi, wala kutocheza si utakatifu. Swali letu liko katika 2 Samweli 6. Daudi alicheza mbele za Bwana. Mikali alimtazama kutoka dirishani. Mara nyingi tumehubiri juu ya dharau ya Mikali. Hatujahubiri vya kutosha juu ya dirisha. Kamera nayo ni dirisha, na kwaya inayocheza kwa ajili ya dirisha imekwisha kuligeuzia mgongo sanduku la Bwana, hata kama hakuna amdharauye.

Tunawashauri watumishi wenzetu na wanafunzi wa theolojia jambo moja. Wimbo uchezwe kwanza ibadani, wazee na watoto wakiwamo, mpaka usharika uushike kwa miili yao wenyewe. Ndipo kamera ialikwe, ije kama mgeni, ikute watu wanaomwabudu Mungu. Na ikiwa katika picha ataonekana mama mzee akitikisa mabega nje ya hatua, asikatwe.